Fumbo Lililovaa Nguo za Mtoto

Tarehe 20 Novemba 2008, katika shule kadhaa za Kanada, watoto wenye nywele nyekundu walipigwa mateke. Hawakuwa wamemkosea mtu. Kundi moja la Facebook, lililoanzishwa na mvulana wa miaka 14 wa jimbo la British Columbia na kukusanya wanachama karibu 5,000, lilikuwa limetangaza kwamba hiyo ndiyo siku ya kumpiga teke kila mwenye nywele za rangi hiyo, na wapo walioitikia wito. Watoto walirudi nyumbani na michubuko, wazazi wakalalamika, polisi wakaanza kuuliza maswali. Ukilifuata wazo hilo hadi lilikoanzia hufiki kwenye chama cha wabaguzi wala kwa mhubiri wa chuki. Unafika kwenye katuni: sehemu moja ya South Park iliyorushwa Marekani Novemba 2005, ambayo watunzi wake waliiandika kuusuta ubaguzi huohuo.

Sehemu hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Eric Cartman, mvulana wa darasa la nne, mnene, ulimi mchafu na roho chafu zaidi, anasimama mbele ya darasa kusoma ripoti yake. Anaeleza kwamba wenye nywele nyekundu wana ugonjwa, kwamba jua haliwapendi, na kwamba hawana roho. Anayasema kwa utulivu wa daktari. Wenzake wanamchoka, usiku wanamvizia akiwa amelala, wanampaka rangi nyekundu kichwani na madoadoa usoni, ili aamke akiwa yuleyule aliyekuwa akimtukana. Cartman anajiona kwenye kioo, lakini hatubu. Badala yake anaanzisha harakati za kudai kwamba wenye nywele nyekundu ndio watu bora na wengine wote waangamizwe. Yuko karibu kuwatumbukiza wenzake kwenye moto wa volkano pale Kyle, mmoja wao, anapomnong'oneza kwamba ile rangi ni ya kupakwa. Palepale Cartman, akitambua kwamba moto ule ungemfikia na yeye, anageuka mtetezi wa amani na upendo kwa binadamu wote. Mtu mzima anaondoka na maana iliyofichwa humo, nayo ni kali: mbaguzi hasukumwi na hoja, anasukumwa na ngozi yake mwenyewe, na hata wema wake ni wa kujiokoa. Wale waliopiga mateke waliondoka na ile ripoti ya darasani.

Kwangu mimi, swali la kama katuni za watu wazima zinawafaa watoto limejificha katika tofauti hiyo, wala si mahali linapotafutwa kila siku. Kila mjadala unapozuka, watu huanza kuhesabu: matusi mangapi, damu kiasi gani, mara ngapi mhusika kavua nguo. Hesabu hiyo ni rahisi, tena South Park yenyewe iliwahi kuifanyia mzaha. Mwaka 2001 ilirusha sehemu ambamo neno moja chafu lilitamkwa mara 162, na kwenye kona ya skrini kulikuwa na namba inayopanda kila neno linapotamkwa, kama mita ya teksi. Hoja ya kipindi ilikuwa kwamba tusi likiruhusiwa kila mahali hupoteza makali yake na lugha hupungua thamani. Mwenye miaka tisa ataikumbuka ile namba. Katuni za aina hii hujengwa kwa tabaka mbili, kinachosemwa na kinachokusudiwa, na mara nyingi cha pili ni kinyume kabisa cha cha kwanza. Mtazamaji asiyeweza kufika tabaka la pili hajatazama kipindi kilekile alichotazama baba yake, ingawa wamekaa kochi moja. Yeye katazama kipindi kingine, kilicho kibaya zaidi, ambacho hakuna mtu aliyekitunga kwa makusudi.

Mwambao wetu unalielewa jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwimbaji wa taarabu huimba ua, chungwa, paka au jahazi, na ukumbini kuna mtu mmoja ambaye uso umeshambadilika kwa kuwa anajua fumbo limemlenga nani. Mtoto aliyekaa mbele akipiga makofi kasikia chungwa tu. Kanga hununuliwa kwa jina lake, na wako majirani waliogombana kwa sababu ya jina hilo, huku binti mdogo aliyeivaa hiyo kanga siku nzima akiona maua na rangi. Hatumwiti mtoto huyo mjinga. Husemwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Mtoto hayumo katika upande wowote wa methali hiyo, maana yeye bado hajafika kwenye fumbo lenyewe. Tofauti ni kwamba anayelikosa fumbo la taarabu hubaki na chungwa, na chungwa halimdhuru mtu. Anayelikosa fumbo la Cartman hubaki na habari kwamba kuna aina ya watu wasio na roho.

Watafiti wa lugha ya watoto wamelichunguza hili kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka mitano au sita huanza kushtukia kejeli iliyo wazi, kama pale mama anapomwambia aliyemwaga uji, "Hongera, umefanya kazi nzuri." Hutambua kwamba mama hamaanishi alichosema. Ila kwa nini mama kaamua kusema hivyo, anamcheka nani, na kuna uchungu gani ndani yake, hayo huja polepole, na yanaendelea kukua hadi miaka ya balehe. Tena hapo ni kejeli ya mama anayefahamika, kwa sauti inayofahamika, kuhusu uji uliomwagika mbele ya macho. Kejeli ya South Park au ya Family Guy, katuni nyingine ya aina hiyo, huhusu siasa za Marekani, dini, vyombo vya habari, na tabia za mastaa ambao mtoto wa Mwanza au Kisumu hajapata kuwasikia. Ufunguo wa mlango wa pili hauko mfukoni mwake.

Hata pasipo kejeli yoyote, mtoto mdogo hushika kilichoonyeshwa kwa muda mrefu na kuacha kilichosemwa mwishoni. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Marie-Louise Mares na Emily Acosta, walichapisha utafiti juu ya watoto wa chekechea walioonyeshwa katuni ya Clifford, yule mbwa mkubwa mwekundu. Hiyo ni katuni ya watoto kabisa, ya kufundisha adabu. Katika sehemu hiyo anakuja mbwa mwenye miguu mitatu, wengine wanamwogopa na kumkwepa, kisha mwishoni wanajifunza kumkubali. Funzo lake mtu mzima hahitaji kuelezwa: tusiwatenge walemavu wala walio tofauti nasi. Watoto wengi walipoulizwa wamejifunza nini, walisema kuwa wema kwa mbwa wenye miguu mitatu. Jibu linachekesha, lakini lina uzito wake. Ikiwa katuni iliyoandikwa kwa ajili yao, ikatamka funzo waziwazi, bado humfikia mtoto nusu tu, tutegemee nini kwa katuni ambayo humpa mbaguzi dakika ishirini za kuchekesha kisha ikamsuta kwa tabasamu la pembeni?

Kuna kosa la pili, nalo ni la wazazi. Michoro huwalaghai. Filamu ya watu, yenye bunduki kwenye jalada, mzazi huitilia shaka. Katuni huiacha ikaendelea kwa sababu amezoea kuamini kwamba chochote kilichochorwa ni cha watoto. Kwetu imani hiyo ina msingi. Uhuishaji unaojulikana zaidi hapa Afrika Mashariki ni wa kufundisha: Ubongo Kids iliyoanza Tanzania mwaka 2014, na kabla yake Tinga Tinga Tales iliyotengenezwa Nairobi. Ila historia ya katuni haikuanza chekechea. Betty Boop alikuwa kivutio cha watu wazima hadi kanuni za maadili za Hollywood zilipokazwa mwaka 1934 na sketi yake ikarefushwa. The Flintstones, ambayo wengi wanaijua kama burudani ya asubuhi ya Jumamosi, ilianza mwaka 1960 kama kipindi cha usiku cha familia nzima, na mmoja wa wadhamini wake alikuwa kampuni ya sigara za Winston. Fred na Barney walionekana kwenye tangazo wakivuta kwa raha zao. Fritz the Cat ya mwaka 1972, paka aliyechorwa kwa umahiri mkubwa, ilipewa alama ya X, ya watu wazima pekee. Na hapa petu pia, gazeti la Sani la akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili halikuwa kitabu cha watoto hata kidogo, na XYZ Show ya Kenya, iliyoanza mwaka 2009, iliwavika wanasiasa miili ya vikaragosi ili iwaseme vile ambavyo mtangazaji wa habari hangethubutu. Mchoro na kikaragosi ni kinga ya msemaji wa ukweli mchungu. Ndiyo sababu watu wazima wanavipenda, na ndiyo sababu mtoto akivutwa na rangi zake hukuta mambo yasiyokuwa yake.

Trey Parker na Matt Stone, watunzi wa South Park, walilijua hilo tangu mwanzo. Sehemu yao ya kwanza, Agosti 1997, ilitengenezwa kwa karatasi za rangi zilizokatwa kwa mkasi, vichwa vya duara na macho makubwa, kama kazi ya mkono ya darasa la pili. Mzaha ulianzia hapohapo: maneno ya walevi vinywani mwa vikaratasi vya chekechea. Kipindi kilipewa TV-MA, alama ya Marekani inayosema kipindi huenda kisiwafae walio chini ya miaka 17, na kabla ya kila sehemu hutokea maandishi yanayosema kwamba, kutokana na yaliyomo, kipindi hiki hakipaswi kutazamwa na mtu yeyote. Ni utani, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba watunzi walimdanganya.

Je, michoro hupunguza makali ya vurugu? Wengi huamini hivyo, na mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford walilipima jambo hilo. Walichukua watoto 96 wa shule ya awali, kati ya miaka mitatu na karibu sita. Baadhi walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupuliza kwa nyundo na mateke. Wengine waliona tendo hilohilo kwenye filamu. Kundi jingine liliona filamu ambamo mpigaji alikuwa mwanamke aliyevalishwa kama paka mweusi katika mandhari ya kichekesho, yaani katuni ya kuigiza. Baadaye watoto waliachwa chumbani na vifaa vilevile. Walioona filamu walionyesha ukali karibu mara mbili ya wale ambao hawakuonyeshwa chochote, na paka hakuwapunguzia walioona. Wakosoaji wamesema kwa haki kwamba mwanasesere wa aina ile ametengenezwa apigwe, na kwamba kumpiga yeye si kumpiga mdogo wako. Hilo nalikubali. Sisemi kwamba katuni huzaa wahalifu. Nasema tu kwamba dhana ya kuwa uchoraji ni chandarua kinachozuia kila kitu haijapata ushahidi.

Hapa inafaa kuwa makini, kwa sababu upande wa wanaolaumu una historia yake ya kutia chumvi. Oktoba 1993, katika jimbo la Ohio, mtoto wa miaka mitano aliwasha moto nyumbani na dada yake wa miaka miwili akafa. Mama alisema kijana aliiga Beavis and Butt-Head, katuni ya MTV ambayo wahusika wake walipenda kuchezea moto. MTV iliondoa kila mzaha wa moto na kukisogeza kipindi hadi saa nne na nusu usiku. Lakini dai lenyewe lilibishaniwa, na hata likiwa kweli linaacha swali la kiberiti kilichokuwa mahali mtoto angeweza kukifikia. Vivyo hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwenye jarida la Pediatrics, uliokuta kwamba vijana wanaokutana na matusi mengi kwenye televisheni na michezo ya video hutukana zaidi na huwa wakali zaidi. Sitaki kuuegemea mno: huenda kijana mkali ndiye anayechagua vipindi vya matusi. Hoja yangu haihitaji moto wala takwimu ya matusi. Inahitaji tu mtoto ambaye hakuelewa.

Mtu atasema matusi yako kila mahali: kituo cha daladala, uwanja wa mpira, nyuma ya madarasa. Kweli, na mtoto anayesikia tusi kwa kondakta hujua kwa nini limetoka, maana anaona hasira, abiria aliyekataa kulipa, na watu wanaogeuka kutazama kwa kuudhika. Tusi la mtaani lina hukumu yake iliyosimama kando yake. Tusi la katuni huja na muziki, na anayelitoa ndiye mhusika anayependwa kuliko wote. Isitoshe, matusi si lolote mbele ya mengine. Mtoto anaweza kuambiwa "neno hilo hatulisemi hapa" na likaisha. Ni vigumu zaidi kumwondolea picha aliyoipata bila kujua, kwamba Wayahudi, Wachina, wanene, walemavu au watu weusi ni kichekesho kwa asili yao, picha ambayo kipindi kiliichora ili ichekwe, naye akaichukua kama taarifa.

Wengine watakumbusha kwamba katuni za watoto zenyewe zimejaa vifo. Wana ushahidi, tena wa kuchekesha. Toleo la Krismasi la jarida la kitabibu la BMJ, Desemba 2014, lilichapisha uchunguzi wa Ian Colman na wenzake waliolinganisha filamu 45 za katuni za watoto zilizoongoza kwa mapato na filamu za watu wazima zilizotoka miaka hiyohiyo. Wahusika wakuu wa katuni walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi. Lakini kifo hakilingani na kifo. Mufasa anapokufa katika The Lion King, hadithi inasimama. Simba anajisogeza chini ya mkono wa baba yake, na mtazamaji anapewa muda wa kulia. Katika misimu ya mwanzo ya South Park, Kenny, mtoto maskini wa kundi lile, hufa karibu kila wiki, panya hutoka kumla, rafiki zake hupiga kelele ileile ya siku zote na kuendelea na safari. Wiki ijayo amerudi na hakuna anayeuliza. Mtu mzima huucheka uzoefu wetu wa kutazama vifo vya maskini kwenye habari tukitafuna karanga. Nadhani ni mojawapo ya dhihaka zao bora. Mtoto wa miaka saba anaona kwamba Kenny alikufa na ilikuwa kichekesho.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la tunda lililokatazwa. Mwaka 1996 Brad Bushman na Angela Stack walionyesha kwamba alama za onyo kwenye vipindi vya vurugu huongeza hamu ya kuvitazama badala ya kuipunguza. Na filamu ya South Park ya mwaka 1999 imejengwa juu ya jambo hilo: watoto wanazuiwa kuingia sinema, wanamlipa mtu asiye na makazi ajifanye mlezi wao, wanaingia, wanatoka wakitukana kama mabaharia, na mama zao, badala ya kujitazama wenyewe, wanaishinikiza Marekani hadi inaingia vitani na Kanada, nchi ya waigizaji wa filamu ile waliyoitazama watoto. Shutuma hiyo kwa wazazi nusu yake naipokea kwa mikono miwili. Mzazi anayeandika malalamiko kwa kituo cha televisheni huku kijana wake akimaliza bando chumbani anastahili kuchekwa. Nusu ya pili siipokei, kwa sababu kwamba zuio hushindwa hakufanyi kitu kiwe salama. Kufuli mbovu si ushahidi kwamba chumbani hamna nyoka. Linalothibitika ni kwamba "hii si ya umri wako" ni alama nyingine ya onyo tu, yenye ladha ya tunda. Mtoto anayeambiwa "hawa wanamcheka fulani kwa sababu ya jambo fulani, na ukikua utaona walichokusudia" amepewa sababu, na ameambiwa kuna mlango wa pili.

Umri gani basi? Wataalamu hawajakubaliana, na kutokubaliana kwao kunafundisha. Sausage Party, filamu ya mwaka 2016 ambamo soseji na mikate ya sokoni huzungumza na kufanya mambo yasiyoandikika hapa, ilipewa miaka 11 Sweden, 12 Ufaransa, ambako vyama vya Kikatoliki viliipeleka mahakamani, 15 Uingereza, na Marekani walio chini ya miaka 17 walitakiwa kuingia na mzazi au mlezi. Filamu ileile, pengo la miaka sita. Kila bodi ilipima ilichokiogopa zaidi: wengine ngono, wengine hofu, wengine lugha. Binafsi nisingepima kwa miaka pekee. Kipimo ninachokiona cha maana ni kumwuliza kijana, baada ya sehemu kwisha, "Hapa alikuwa anachekwa nani?" Anayejibu Cartman amefika. Anayejibu wenye nywele nyekundu bado. Nadhani wengi hufika kati ya miaka 14 na 16, wachache mapema, na wapo watu wazima ambao hawatafika kamwe.

Hilo la watu wazima si mzaha. All in the Family, kichekesho cha Marekani kilichoanza mwaka 1971, kilikuwa na mzee mbaguzi aitwaye Archie Bunker, aliyewekwa ili achekwe. Neil Vidmar na Milton Rokeach waliwachunguza vijana wa sekondari wa Marekani na watu wazima wa Kanada, na matokeo yao ya mwaka 1974 yakaonyesha kwamba waliokuwa na ubaguzi moyoni walimwona Archie kama mtu anayesema kweli, na walimpenda. Kejeli haikuwabadilisha, iliwapa msemaji. Wapo wanaotumia matokeo haya kusema kwamba, ikiwa hata wakubwa hawaelewi, umri hauna maana. Mimi naona kinyume. Mtu mzima aliyekosea kuelewa alikuja na ubaguzi wake kutoka nyumbani. Mtoto anaupata pale pale, kwa mara ya kwanza, kama somo.

Kijana wa miaka 16 ni habari nyingine, na kumnyima kejeli kabisa ni kumnyima silaha. Anaishi katika dunia ya matangazo, wanasiasa na wahubiri wanaosema moja wakimaanisha jingine, na kejeli nzuri humzoesha kusikiliza chini ya maneno. Hapo mzazi anahitajika, ila si kama mlinzi wa rimoti. Uchunguzi wa Amy Nathanson na wengine kuhusu wazazi na televisheni umeonyesha kwamba mazungumzo wakati wa kutazama husaidia, lakini mzazi anayekaa kimya kando ya mtoto, akicheka, hueleweka kama anayeunga mkono kila kinachoendelea. Kukaa pamoja bila kusema ni kugonga muhuri.

Sheria zetu zinatazama saa. Kenya, kwa mfano, inataka vituo vya utangazaji visirushe maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Utaratibu huo ulifaa wakati televisheni ilikuwa moja, sebuleni, na baba ndiye mwenye funguo. Juni 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilikwenda mbali zaidi na kutaka katuni sita ziondolewe kwenye visimbuzi, zikiwemo The Loud House, Adventure Time na Hey Arnold!, kwa madai ya kueneza ushoga. Zote sita zilikuwa zimetengenezwa kwa watoto na familia; hakuna hata moja kati yake iliyokuwa kejeli ya watu wazima. Mwaka huohuo, kwenye YouTube, ilibainika kwamba video chafu zenye sura za Peppa Pig, Elsa na Spider-Man zilikuwa zikipita hadi kwenye programu iliyotengwa kwa watoto wadogo. Mtambo wa YouTube ulikosea kosa lilelile la mzazi: uliona nguruwe wa rangi ya waridi, ukaamini ni kwa ajili ya mtoto.

Simu haijui saa nne usiku. Tena haileti kipindi kizima, inaleta kipande. South Park yenyewe huweka mtandaoni vipande vya dakika moja au mbili, na mashabiki hukata vifupi zaidi, wakibakiza pale panapochekesha. Kipande hakina yale maandishi ya mwanzo yanayosema mtu yeyote asitazame. Kina mvulana mnene aliyesimama mbele ya darasa na karatasi mkononi, akieleza kwa utulivu wa daktari ni watu gani hawana roho, na kinakatika kabla wenzake hawajaja usiku na kopo la rangi.